Suyu sita za kisiwa cha Taquile

Anayefika Taquile huonyeshwa kofia kwanza. Kabla hajatua mzigo wake ameshaelezwa kwamba wanaume wa kisiwa hiki hufuma kofia kwa sindano huku wakitembea, kwamba wanawake hufuma mishipi kwenye kitanda cha mfumi kilichopigiliwa vigingi ardhini, na kwamba mwaka 2005 UNESCO ilitangaza sanaa yao ya nguo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, kabla ya kuiingiza mwaka 2008 katika orodha wakilishi ya urithi huo. Yote hayo ni kweli, na nguo zenyewe zinastahili sifa zinazopewa. Lakini mimi ni afisa ugani niliyekulia kwenye viazi vya Makete, na macho yangu yalikwenda mashambani kabla ya kwenda kwenye kofia ya mtu yeyote. Nilichokiona huko ndicho ninachotaka kukieleza, kwa sababu naamini kwamba huwezi kuielewa nguo ya Taquile, wala uongozi wake, wala namna inavyowapokea wageni, bila kwanza kuelewa jinsi watu hawa walivyokubaliana kulima.

Taquile, ambayo wenyeji wenyewe huiita Intika, iko upande wa Peru wa Ziwa Titicaca, kiasi cha kilomita 45 kutoka mji wa Puno. Urefu wake ni kama kilomita 5 na nusu na upana wake kama kilomita moja na nusu, na katika eneo hilo dogo wanaishi watu wapatao 2,200 wanaozungumza Kikechua, ndani ya ziwa ambalo sehemu kubwa ya mwambao wake inakaliwa na Waaymara. Uso wa ziwa uko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha kisiwa kinafikia mita 4,050. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, vibanda vya Horombo viko mita 3,720. Yaani gati la Taquile liko juu kuliko Horombo, mahali ambapo kwetu hakuna anayefikiria kupanda hata mche mmoja wa kitunguu. Kutoka gatini hadi kijijini kuna vidato vya mawe zaidi ya 500, na mgeni huvipanda kwa aibu, akisimama kila baada ya hatua chache, huku bibi mwenye furushi zito mgongoni akimpita bila kuhema.

Kinachowezesha kilimo katika mwinuko huo ni ziwa lenyewe. Maji mengi kiasi kile hunyonya joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku, kwa hiyo jalidi inayounguza mimea katika nyanda za bara hupungua makali inapofika kisiwani. Mahindi, ambayo ni nadra kustawi juu namna hiyo, huota kwenye matuta yaliyo karibu na maji. Viazi mviringo hupandwa kila mahali, pamoja na oka, ambacho ni kiazi kidogo cha rangi ya njano au waridi chenye uchachu kidogo mdomoni, na mazao mawili yaliyoletwa na Wahispania yakazoea baridi, yaani shayiri na haba, aina ya maharage mapana yenye ganda nene. Mteremko karibu wote umekatwa matuta ya ngazi yanayoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mengi kati ya hayo ni ya kale kuliko ujio wa Wahispania. Mimi niliyezoea kuwasihi wakulima wachimbe mitaro ya fanya juu ya kuzuia mmomonyoko katika mteremko mmoja tu, nilizitazama kuta hizo kwa wivu wa kikazi.

Ardhi ya kilimo imegawanywa katika kanda sita zinazoitwa suyu. Kila familia ina vipande vyake, lakini vipande hivyo vimetawanyika katika suyu mbalimbali badala ya kuwa mahali pamoja, na kitakachopandwa katika suyu hakiamuliwi na mwenye kipande bali na mzunguko unaofuatwa na kisiwa kizima. Suyu iliyotoka kupumzika hufunguliwa kwa viazi, mwaka unaofuata hupandwa oka, baada ya hapo huja mazao mengine kama haba na shayiri, kisha suyu yote hufungwa na kuachwa iwe malisho kwa miaka kadhaa kabla ya zamu ya viazi kurudi. Kwa sababu hiyo, ukisimama kilimani katika msimu wa mvua unaweza kujua mwaka wa kila suyu kwa kutazama rangi yake tu: upande huu wote umefunikwa na majani ya viazi, upande ule haba zimesimama wima, na kule mbali ni nyasi na kondoo.

Afisa ugani akiona mpango huo hawezi kuacha kufikiria minyoo. Katika udongo wa Andes, huko huko kiazi kilikoanza kufugwa na binadamu maelfu ya miaka iliyopita, wanaishi minyoo wadogo wa mizizi wa jenasi ya Globodera, wasioonekana kirahisi kwa macho. Jike hufa akiwa amejaa mayai, na ngozi yake hugeuka kifuko kigumu kinachoyahifadhi udongoni kwa miaka mingi, yakisubiri harufu ya mizizi ya kiazi ndipo yaanguliwe. Kuwamaliza kwa dawa ni kazi ngumu na ya gharama kubwa. Kinachowapunguza bila gharama ni njaa, yaani kuliacha shamba bila kiazi kwa miaka ya kutosha hadi sehemu kubwa ya mayai ife. Viazi kurudi mahali pamoja baada ya miaka sita au saba, jambo linaloonekana katika jamii nyingi za Andes na si Taquile peke yake, kunafanya kazi hiyo hasa, pamoja na kurudisha rutuba kwa samadi ya kondoo wanaolishwa kwenye suyu iliyofungwa. Mwaka 2015 mmoja wa minyoo hao, Globodera rostochiensis, aliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika nchi ambayo mkulima mdogo hupanda viazi juu ya viazi kwa sababu ana ekari moja na ada ya shule haisubiri. Mdudu amevuka bahari, lakini utaratibu uliomdhibiti kwao haukuvuka naye.

Nilimuuliza mzee mwenyeji wetu, kupitia kijana aliyekuwa akitutafsiria, nini kingempata mtu ambaye angeamua kupanda viazi vyake katika suyu iliyopumzika. Nilitegemea kusikia habari za faini, au za kuitwa mbele ya baraza. Mzee alifikiri kidogo, akaendelea kumenya haba aliyokuwa nayo mkononi, kisha akasema, "Kondoo watakula." Nilicheka, yeye hakucheka, na baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenijibu kikamilifu. Suyu iliyofungwa ni malisho ya wote, hakuna anayefunga mifugo kwa ajili ya kiazi cha mtu mmoja, na mkaidi angelazimika kulala shambani tangu kupanda hadi kuvuna. Huku kwetu tunatunga sheria ndogo za halmashauri, tunaweka faini, kisha tunatafuta mgambo wa kuisimamia. Pale sheria imefungwa ndani ya mpangilio wenyewe, kiasi kwamba kuivunja kunachosha kuliko kuitii.

Kazi yenyewe hufanywa kwa chakitaqlla, jembe la kukanyaga lenye mpini mrefu, ncha nyembamba ya chuma, kikanyagio cha mguu na kishikio kilichofungwa kwa kamba za ngozi. Magari hayapo kisiwani, na matuta ni membamba mno kwa trekta hata kama lingepatikana. Wanaume wawili husimama bega kwa bega, hukanyaga kwa pamoja, huegemeza mipini nyuma kwa pamoja, na pande kubwa la udongo hunyanyuka. Mtu wa tatu, mara nyingi mwanamke, aliyeinama mbele yao hulipindua kwa mikono. Nilijaribu. Jembe ni zito, hewa ni nyepesi, na utatu huo hauwezi kwenda ikiwa mmoja anachelewa, jambo lililonifanya nirudishwe kwa heshima kwenye kazi ya kubeba mbegu. Watatu hao si lazima wawe wa nyumba moja. Utaratibu unaoitwa ayni humtaka mtu aliyelimiwa leo akalime kesho kwa aliyemlimia, siku kwa siku, bila fedha kupita mkononi, na watu hukumbuka deni hilo vizuri kuliko wanavyokumbuka deni la dukani. Kazi kubwa za wote, kama vile kutengeneza njia au kujenga ukumbi, huitiwa minka, ambayo mtu wa Usambara angeitambua mara moja kuwa ni msaragambo.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi kwa kuwa mimi ni Mswahili. Wahenga wetu walisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Wakulima wa Andes nao hukitazama kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana. Mwishoni mwa Juni, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohane tarehe 24, watu hupanda mahali palipoinuka kabla ya mapambazuko na kuangalia nyota hizo zinavyochomoza. Zikiwaka sana na kuonekana nyingi, mvua itawahi na mavuno yatakuwa mema. Zikififia, mvua itachelewa, na mkulima mwenye busara huchelewesha siku ya kupanda viazi. Mtu anaweza kulidharau jambo hili na kuliita ramli. Mwaka 2000 watafiti Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane walichapisha katika jarida la Nature maelezo yanayoonyesha kwamba miaka ya El Niño huambatana na mawingu membamba ya juu sana ambayo jicho haliyaoni lakini yanapunguza mwanga wa nyota, na kwamba miaka hiyo hiyo ndiyo mvua inayopungua katika nyanda za juu za Andes miezi kadhaa baadaye. Utabiri wa kienyeji ulikuwa ukipima El Niño kabla neno hilo halijaingia katika taarifa za hali ya hewa. Ninatamani tungekuwa na kumbukumbu za namna hiyo kuhusu kilimia chetu, kwa kuwa sisi tumebaki na methali na tumesahau vipimo.

Mvua huanza kushika kati ya Oktoba na Desemba na huisha Machi au Aprili, viazi huchimbwa Aprili na Mei, kisha huja majira ya ukavu na usiku wenye baridi kali. Majira hayo ndiyo ya chuño, chakula ambacho nilikuwa nimekisoma vitabuni bila kukielewa. Mwezi Juni na Julai viazi vidogo, hasa vile vichungu visivyolika vikiwa vibichi, hutandazwa juu ya nyasi mahali penye jalidi kali. Usiku vinaganda hadi kuwa vigumu kama kokoto. Asubuhi jua likipanda vinayeyuka na kulegea, na watu huvirundika mafungu madogo na kuvikanyaga kwa miguu mitupu, taratibu, kwa kuzungusha kisigino, hadi maji ya rangi ya chai yatiririke na maganda yabanduke. Maji hayo hutoka na sehemu ya sumu na uchungu wa kiazi. Huachwa tena jalidini, hukanyagwa tena, hukaushwa juani kwa siku kadhaa, na mwisho hubaki vitu vyeusi vyepesi vinavyogongana kwa sauti ya changarawe na vinavyoweza kukaa ghalani kwa miaka. Vikirowekwa na kupikwa kwenye supu hurudi kuwa chakula laini kidogo chenye ladha ya udongo na moshi. Sitadanganya kwamba nilivipenda bakuli la kwanza. Lakini nilifikiria mkulima wa Njombe anayelazimika kuuza gunia la lumbesa kwa bei ya kutupa mwezi wa mavuno kwa kuwa kiazi chake hakimvumilii hata miezi mitatu, nikaomba bakuli la pili.

Ibada na kilimo haviachani hapa. Wakazi ni Wakatoliki, na tarehe kubwa za kanisa zimekaa juu ya tarehe za shamba: Mtakatifu Isidori, msimamizi wa wakulima, tarehe 15 Mei wakati viazi vimeshatoka ardhini, na Mtakatifu Yakobo, ambaye wao humwita Santiago, tarehe 25 Julai, sikukuu kubwa ya ngoma, filimbi na nguo mpya. Wakati huo huo Pachamama, yaani mama ardhi, hapuuzwi. Kabla ya jembe kuingia udongoni mkubwa wa familia huchagua majani matatu mazima ya koka, huyapanga kwa vidole kama kipepeo, huyapulizia pumzi na kutaja milima na ziwa, kisha huyaacha ardhini. Koka hiyo hiyo ndiyo salamu. Wanaume wawili wakikutana njiani hawapeani mikono. Kila mmoja hutia mkono katika mfuko wake mdogo uliofumwa, hutoa majani machache na kumpa mwenzake, huyapokea ya mwenzake, na ndipo maongezi yanapoanza. Hakuna aliyenieleza kama huo ni utamaduni au ni dini, na sidhani kama wao huligawa jambo hilo namna hiyo.

Sasa naweza kurudi kwenye nguo. Mshipi mpana unaojulikana kama mshipi wa kalenda huonyesha, kwa picha zilizofumwa moja baada ya nyingine, mzunguko wa mwaka wa kilimo na ibada zake, na miongoni mwa alama zinazojirudia katika nguo za kisiwa ipo duara iliyogawanywa sehemu sita, ambazo ni zile suyu sita. Niliona mama mwenyeji wetu akifuma mshipi wa namna hiyo kwenye ua, ameketi chini miguu imenyooshwa, mitande ya uzi mwekundu na mweupe imevutwa kati ya magogo mawili yaliyofungwa kwenye vigingi vinne. Alikuwa na kipande cha mfupa uliochongwa ncha, akiinua nacho nyuzi mbili au tatu kwa wakati bila kuhesabu kwa sauti, akipitisha mshindio, akiugonga kwa mfupa ule ule, na kwa muda wote niliokaa pale mshipi uliongezeka upana wa kidole kimoja. Hakuwa na mchoro wa kutazama. Nilipouliza maana ya duara alinyoosha kidole kuelekea kilimani, akataja majina ya suyu akizunguka nazo, na kuendelea na kazi.

Kofia za wanaume nazo zina lugha yake. Kijana ambaye hajaoa huvaa nyekundu yenye sehemu ya juu nyeupe, aliyeoa huvaa nyekundu yote, na viongozi hufunika kofia yao ya rangi nyingi yenye masikio kwa kofia nyeusi ya pama. Wavulana huanza kujifunza kufuma wakiwa watoto wa shule ya msingi, kwa sindano nyembamba sana zinazotoa kitambaa kizito kama kilichotoka mashineni. Waongoza watalii hupenda kusimulia kwamba baba mkwe humpima kijana kwa kujaza kofia yake maji na kutazama kama inavuja. Inawezekana, ingawa nilipomtazama mzee wetu wakati hadithi hiyo ikisimuliwa nilimwona akikagua kucha zake. Lisilo na utani ni kwamba mwanamume asiyejua kufuma hahesabiwi kuwa amekamilika, na kwamba wanaume hutembea, husikiliza mkutano na kuchunga huku vidole vikienda.

Uhuru wa kupanga haya yote haukupatikana bure. Chini ya utawala wa Hispania na hata baada ya Peru kupata uhuru, ardhi ya kisiwa ilikuwa mali ya mabwana wa mashamba makubwa waliokuwa wakiishi kwingine, na kisiwa kiliwahi kutumika kuwafungia wafungwa wa kisiasa. Kuanzia miaka ya 1930 wenyeji walianza kuinunua ardhi yao wenyewe kutoka kwa wamiliki hao, kipande baada ya kipande, kwa fedha zilizochangwa kwa shida, miongo kadhaa kabla serikali ya kijeshi ya Jenerali Velasco haijatangaza mageuzi ya ardhi mwaka 1969. Nadhani hili linaeleza kwa nini mkutano wa Jumapili uwanjani una uzito ule. Watu ambao babu zao walinunua kisiwa kwa kuchangishana hawaoni ajabu kwamba uamuzi juu ya ardhi ni wa wote. Husalimiana na kuonyana kwa kanuni tatu zinazohusishwa na enzi za Wainka, ama suwa, ama llulla, ama qilla: usiibe, usiseme uongo, usiwe mvivu.

Wageni walipoanza kuja kwa wingi miaka ya 1970, Wataquile waliwapangia zamu kama wanavyopanga suyu. Aliyefika alipokelewa gatini na kupelekwa kwenye nyumba iliyokuwa na zamu siku hiyo, ili mwenye nyumba nzuri asichukue wote. Nguo ziliuzwa katika duka la ushirika lililo uwanjani kwa bei isiyojadiliwa, kila kipande na jina la aliyekitengeneza, na wanachama wakipokezana kusimamia mauzo. Walijenga mashua zao wenyewe na kuzifunga injini kuukuu za malori, na kwa miaka kadhaa wao ndio waliokuwa wakiwasafirisha wageni kwenda na kurudi. Hali hiyo ilivunjika miaka ya 1990, wakati serikali ya Rais Fujimori ilipofungua biashara zote kwa ushindani na haki ya kisiwa ya kusafirisha wageni wake ikakosa kinga ya sheria. Tangu hapo makampuni ya Puno yenye boti za kasi huleta watu asubuhi na kuwarudisha alasiri, baada ya picha na mlo mmoja. Wenyeji huliongelea jambo hili kwa hasira iliyopoa, na mimi ninakubaliana nao, kwa sababu ushindani kati ya mwenye boti tano na mkopo wa benki na kijiji chenye mashua ya zamu ulikuwa umekwisha kabla ya kuanza.

Sitaki kuifanya Taquile kuwa pepo. Kisiwa hakiongezeki na watu wanaongezeka, kwa hiyo vipande vinavyogawanywa kwa watoto vimekuwa vidogo mno na vijana wengi huenda Puno, Juliaca, Arequipa au Lima kutafuta kazi. Nyuzi nyingi siku hizi ni za kiwandani na rangi zake ni za dukani. Wanawake hukaa mkutanoni na husikika, lakini fimbo za uongozi nilizoziona zilikuwa mikononi mwa wanaume. Ziwa lenyewe linatia wasiwasi: mwaka 2023, baada ya ukame mkali, maji yalishuka hadi kukaribia kina cha chini kabisa kilichowahi kupimwa, na mashua zikapata shida kuegesha. Hata hivyo nilimsikia mama mwenyeji akieleza kwamba wageni walipokoma mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na walipokoma tena mapema 2023 barabara za mkoa wa Puno zilipofungwa kwa maandamano, hakuna nyumba iliyolala njaa. Suyu ziliendelea na zamu zao, na baadhi ya waliokuwa mijini walirudi kulima vipande ambavyo ndugu zao walikuwa wamewatunzia.

Kwa msomaji anayefikiria kwenda, ushauri wangu ni mfupi. Kaa kwanza Puno hadi kichwa kikome kuuma, kisha uliza bandarini mashua ya wanakisiwa badala ya boti ya kampuni; ni ya polepole na inachukua saa tatu hivi, lakini nauli inabaki kwa Wataquile. Lala huko walau usiku mmoja. Beba soli, yaani fedha ya Peru, taslimu na nguo nzito, na kama zawadi kwa nyumba itakayokupokea peleka matunda, sukari au mchele, kwa sababu hivyo havioti kisiwani. Ukikaribishwa chai ya muña, mmea wenye harufu ya mnanaa unaoota kandokando ya matuta, kunywa, inasaidia tumbo na pumzi. Na ukienda kati ya Novemba na Machi utapata mvua na utelezi, lakini ndio wakati pekee wa kuziona suyu zote zikiwa na rangi zake.